Je, ni haki kuwatupia ndege nafaka penye njaa?



Swali tunalowaletea leo hatukulitoa kitabuni. Lilitufikia hapa Kaniama siku ya Jumapili baada ya Misa, mbele ya mlango wa kanisa, vinywani mwa watu waliokuwa na hasira.

Katika parokia yetu yupo mjane mmoja wa umri mkubwa, ambaye sisi sote twamwita Nkambo. Hana shamba tena, maana miguu yake imechoka, na watoto wake wako mbali. Kila mwezi halmashauri ya parokia humgawia makopo kadha ya mahindi kutoka katika sadaka ya maskini. Mwaka ule mvua ilikuwa imekatika mapema, na viwavi walikuwa wameharibu mashamba mengi, hata kapu la maskini likawa jepesi. Ndipo mtu mmoja alipokuja kumshitaki. Alisema, «Mwalimu, Nkambo anawatupia ndege chakula cha Kanisa. Kila asubuhi ananyunyiza nafaka katika lupangu lake, na shomoro na tetere wanamzunguka kana kwamba ni kuku wake. Watoto wetu wanalala na njaa, naye anawalisha ndege!» Wengine wakamwunga mkono. Mmoja akaanza kunong'ona habari za uchawi. Wote wakaomba jina la mama huyo lifutwe katika daftari ya maskini.

Daftari ile ilikuwa mikononi mwetu, na kalamu pia. Twaungama kwamba tulikuwa karibu kulifuta jina lile siku ileile, kwa sababu maneno ya washitaki yalikuwa na sura ya haki. Lakini hakimu asiyesikia ila upande mmoja hahukumu, hukisia tu. Tukaomba siku nane, na kesho yake alfajiri tukaenda wenyewe kutazama.

Ilikuwa mwezi wa sita, katikati ya kipupwe. Ninyi mnaokaa huku kwetu mnaijua miezi hiyo. Usiku ni baridi, asubuhi wazee wanakaa karibu na moto, majani ya porini yamekauka au yameungua, na vijito vidogo vimebaki mchanga mtupu. Tulimkuta Nkambo kwenye kinu. Alitwanga mahindi yake, akapepeta, akaweka unga wa bukari katika chungu na kukifunika. Pumba safi akaitia katika kikapu cha jirani mwenye kuku. Kisha akafagia mahali alipotwangia, na yale makombo ya pumba na chenga zilizochanganyika na mchanga akayamwaga chini ya mwembe. Kando yake kulikuwa na kigae cha chungu kilichovunjika, nacho akakitia maji. Hatukuona kitu kingine chochote.

Tukamwuliza, «Nkambo, kwa nini unawapa ndege?»

Akajibu, «Mwalimu, kama ungeona kuku wa jirani wakiokota makombo haya, ungekuja kuniuliza?»

Tukanyamaza. Naye akaendelea, «Mahindi ya Kanisa nayala mimi, na Mungu awabariki waliotoa. Haya yaliyoanguka mchangani ni ya nani? Tena tangu asubuhi mpaka jioni hakuna mtu anayeingia hapa. Hawa huja kunisalimu.»

Tulirudi nyumbani tukifikiri. Hesabu ya chakula ilikuwa imekwisha kujibiwa, maana yule mama hakupoteza hata kopo moja. Lakini swali lenyewe lilibaki: Je, mkristu anafanya vema akiwalisha ndege wa porini? Au ni mchezo wa bure, au hata kosa? Tulichunguze hatua kwa hatua.

Kwanza, je, kumpa ndege ni kumnyang'anya maskini? Hapa Kanisa halikutuacha gizani. Katekisimu iliyotolewa na Papa Yohane Paulo II mwaka 1992 yafundisha mambo mawili pamoja, nasi tusiyatenganishe. Yafundisha kwamba wanyama ni viumbe vya Mungu, nao humtukuza kwa kuishi kwao tu. Kwa hiyo ni kinyume cha heshima ya mwanadamu kuwatesa au kuwaua bila sababu. Lakini yafundisha pia kwamba haifai kuwatumilia wanyama mali ambayo ingepasa kwanza kuondoa taabu ya watu. Ipo taratibu, basi. Mtu anayemnunulia mbwa wake nyama, huku mtumishi wake hajalipwa mshahara, anavunja taratibu hiyo, hata kama anampenda mbwa kwa moyo safi. Mtu anayemwaga makombo ya kinu mbele ya shomoro haivunji. Tofauti yao ni kile walichompunguzia mwanadamu: wa kwanza amempunguzia mtumishi haki yake, wa pili hakumpunguzia mtu kitu.

Pili, wengine watasema, «Bwana wetu mwenyewe amefundisha kwamba ndege hawapandi wala hawavuni, na Baba wa mbinguni huwalisha. Ikiwa Mungu huwalisha, sisi twaingilia kazi gani?» Neno hili lina nguvu, nalo lataka jibu la kweli. Mungu hutulisha na sisi pia, na kila siku twamwomba mkate. Je, kwa sababu hiyo mkulima wa Kaniama aweke jembe chini? Mungu hulisha kwa njia ya mvua na udongo, na mara nyingi kwa njia ya mikono. Mkono wa kiumbe hauondoi kazi ya Muumba, bali huitumikia.

Hata hivyo tusijidanganye. Ndege wa kwetu hawangojei pumba zetu ili waishi. Moto wa porini unapopita, mwewe na ndege wengine hufuata moshi ili kukamata panzi wanaokimbia, na shomoro huokota mbegu juu ya ardhi iliyoungua. Kinachowapungukia zaidi wakati wa kiangazi ni maji. Katika nchi za baridi mambo ni mengine. Huko Ulaya theluji hufunika mbegu na barafu hufunga maji, na usiku ni mrefu kuliko mchana. Ndege mdogo aweza kupoteza hata sehemu moja ya kumi ya uzito wake katika usiku mmoja tu, kwa kuuchoma mwilini mwake mafuta yanayomtia joto. Akikosa chakula asubuhi, huenda asiuone usiku wa pili. Uingereza ilipopatwa na baridi kali sana kati ya 1962 na 1963, ndege wadogo wengi mno walikufa. Kwa hiyo watu wa huko wamezoea kuwawekea nafaka na mafuta karibu na madirisha. Katika nchi za Norway na Sweden ipo desturi ya kufunga mganda wa nafaka juu ya mti au nguzo wakati wa Noeli, ili ndege nao wapate sehemu yao ya sikukuu.

Wakati huohuo wa baridi, baadhi ya ndege wa Ulaya wako kwetu. Mbayuwayu anayejenga kiota chini ya paa la nyumba ya mkulima wa Ubelgiji huvuka bahari na jangwa, akaja kupitisha miezi ile katika Afrika, Kongo yetu ikiwamo. Hali pumba zetu, maana chakula chake ni wadudu wa angani. Lakini hula na kunywa katika mabonde yetu, tusipoyaharibu. Ndege yuleyule ana wenyeji wawili wasiojuana, na hakuna hata mmoja wao awezaye kusema, «Huyu ni wangu.»

Tatu, mtu mwenye akili atauliza, «Je, ndege ana haki juu yangu?» Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha kwamba viumbe visivyo na akili haviwezi kuwa rafiki zetu kwa maana kamili, kwa sababu havishiriki nasi maisha ya akili wala heri ya milele. Lakini alifundisha pia kwamba twaweza kuvipenda kama vitu vyema tunavyotaka vidumu, kwa heshima ya Mungu na kwa faida ya watu. Akaongeza neno ambalo kila mzazi anapaswa kulishika: anayezoea kuwahurumia wanyama yuko tayari zaidi kuwahurumia watu. Basi shomoro hawezi kutushitaki mbele ya baraza. Ila roho zetu zaweza kuharibika au kutengenezwa kwa namna tunavyomtendea.

Wazee wetu Waluba waliyafikiri mambo haya kabla ya seminari kujengwa. Padre Placide Tempels, Mfransiskani aliyeishi miaka mingi kati ya Waluba wa Katanga, aliandika kitabu kilichotoka mwaka 1945 juu ya mawazo ya Wabantu. Humo alieleza kwamba kwa wazee hao kila kiumbe kina nguvu yake ya uzima, na viumbe vyote vimeunganika, mwanadamu akiwa juu ya wanyama na mimea. Tangu hapo wenye elimu wamebishana naye juu ya mambo mengi, na ni haki yao. Lakini hakuna Mluba atakayekana neno bumuntu. Mwenye bumuntu hutambulikana kwa namna anavyomtendea yule asiyeweza kumrudishia kitu, kama mgeni, yatima na mzee. Twaona si vibaya kumweka ndege mwishoni mwa mlolongo huo, mradi awe mwishoni kweli.

Sasa tufike kwenye jambo gumu kuliko yote, maana katika siku zile nane lilitokea mbele ya macho yetu.

Siku ya tatu tulimkuta kijana wa miaka kama kumi amejificha nyuma ya ukuta wa Nkambo. Alikuwa amepaka ulimbo juu ya tawi la mwembe, juu kabisa ya kile kigae cha maji. Shomoro wawili walikuwa wamenasa, wanapiga mabawa. Tukamshika mkono, tukaanza kumgombeza. Je, alikuwa amekosa nini?

Si kosa kuwinda. Mungu alimpa Noe na wanawe ruhusa ya kula nyama, na katika nyumba nyingi za Kaniama ndege wanaonaswa na watoto ndiyo nyama pekee ya wiki nzima. Sheria ya Musa yenyewe, ilipozungumza juu ya kiota, haikukataza kutwaa makinda. Ilikataza kumtwaa mama pamoja nao. Iliweka mpaka, basi, katika uwindaji wenyewe. Kama kijana yule angetega porini, tungempita na kumsalimu.

Lakini hapa alitega penye ukarimu wa mtu mwingine. Hatusemi kwamba ndege walikuwa wamepewa ahadi, maana ahadi hupewa mwenye akili. Aliyekosewa ni Nkambo. Ndege walikuja kwake kwa sababu ya wema wake, naye kijana aliugeuza wema ule kuwa chambo. Mambo ya namna hiyo twayajua kati ya watu pia. Yupo anayeingia katika jumuiya ya sala ili apate wateja wa kukopa fedha zake kwa riba, na yupo anayelia msibani huku akihesabu viti. Mtoto anayejifunza mapema kutega penye meza ya wema atakuwa mtu wa namna gani?

Tulikuwa tukiyasema hayo kwa sauti kubwa, nasi tulijiona tumesema vizuri. Ndipo Nkambo akatoka polepole na fimbo yake. Hakumgombeza mtu. Aliwatoa shomoro katika ulimbo, akawapaka majivu kidogo ili utomvu usiendelee kunata, akawaachia. Kisha akamwuliza kijana, «Mwanangu, jana ulikula nini?» Kijana akatazama chini. Nkambo akamwuliza tena, «Na juzi?» Halafu akaingia nyumbani, akatoka na bukari baridi katika bakuli na mboga kidogo ya sombe, akampa. Mtoto alikula bila kuinua kichwa.

Wapenzi, tuliona haya. Tulikuwa tumemwuliza mtoto yule maswali ya maadili, na hatukumwuliza kama amekula. Tena nyumba yao ilikuwa karibu na nyumba ya mmoja wa wale waliosema kwa uchungu juu ya watoto wanaolala na njaa. Waliomtetea maskini mbele ya ndege hawakuwa wamempa maskini kitu. Yule aliyezoea kutazama kila asubuhi ni nani amekuja na ni nani hakuja, ndiye aliyeona njaa ya mtoto. Tukakumbuka masimulizi ya Betania katika Injili ya Yohane: Maria alipompaka Yezu marhamu ya thamani, Yuda ndiye aliyeuliza kwa nini haikuuzwa, fedha wapewe maskini. Mwinjili anasema wazi kwamba hakuuliza kwa sababu ya kuwajali maskini.

Lakini tusigeuze jambo hili kuwa kanuni, kwamba kila anayelisha ndege ana huruma kwa watu. La, sivyo. Twawajua watu wanaompa kasuku karanga kwa mkono wao wenyewe, wakamsifu anavyosema, huku amefungwa katika kizimba ambamo hawezi kukunjua mabawa. Kasuku wa kijivu wa misitu ya Kongo wamekamatwa na kuuzwa ng'ambo kwa wingi mno, hata mwaka 2016 mataifa yakakubaliana kukataza biashara ya kimataifa ya kasuku waliokamatwa porini. Mwenye kizimba naye atasema kwamba analisha ndege. Ila yeye analisha kitu chake, na Nkambo analisha asichokimiliki. Mlango wa lupangu lake ni anga lote, na shomoro akishiba huenda zake bila kuaga. Kutoa kwa namna hiyo ni shule nzuri kwa sisi tunaopenda kutoa ili tushukuriwe.

Katika jambo hili tunaye mwalimu mkubwa, ambaye wanawe ndio waliokuja kuhubiri Injili katika nchi yetu ya Kamina. Mtakatifu Fransisko wa Asizi alikufa mwaka 1226, na ndugu yake Thoma wa Celano akaandika maisha yake. Asimulia kwamba Fransisko alitamani kusema na mfalme mkuu, amwombe aamuru watu wote wenye uwezo wamwage ngano na nafaka njiani siku ya Noeli, ili ndege wadogo wapate kushiba siku aliyozaliwa Mwokozi. Wengi hulikumbuka neno hilo, wakasahau lililo pamoja nalo. Fransisko alitaka siku ileile matajiri washibishe maskini na wenye njaa, tena ng'ombe na punda waongezewe majani. Hakuwaweka maskini na ndege kwenye mizani ili wagombanie punje moja. Aliona kwamba moyo uliofunguka kwa mmoja hauna budi kufunguka kwa mwingine, na kwamba maskini wana nafasi yao ya mbele.

Tumalizie na haki ya jirani, maana wema usio na busara huleta ugomvi. Ndege aliyezoea lupangu lako mwezi wa saba atakumbuka njia mwezi wa kenda, mvua zinapoanza na watu wanapanda mahindi. Wakulima wa Tanzania na Kenya wanajua hasara ya makundi ya kwelea kwelea juu ya mtama na mpunga, hata serikali zao huwapigia dawa. Kwa hiyo anayetaka kutoa na atoe wakati wa kipupwe, na mvua ya kwanza ikinyesha aache, kwa sababu ndege wana majani mapya na wadudu, na jirani ana mbegu ardhini. Tusisahau pia kwamba shomoro na mnana, ingawa hula nafaka, huwalisha makinda yao wadudu, na viwavi wamo.

Kigae cha maji kioshwe kila siku, na kiwe mbali na kuku. Penye msongamano wa ndege na uchafu ugonjwa huenea. Huko Uingereza, tangu mwaka 2005, chiriku wa kijani wengi walikufa kwa ugonjwa unaopita katika chakula na maji machafu ya mahali pa kulishia. Chakula chenye chumvi wasipewe. Tena kisiwe chakula cha mtu, bali kile kilichoanguka.

Siku ya nane halmashauri ilikutana. Tulieleza yale tuliyoyaona, pamoja na kosa letu. Jina la Nkambo halikufutwa. Jina la nyumba ya kijana yule likaandikwa chini yake, na mshitaki wa kwanza, twamsifu kwa hilo, ndiye aliyejitolea kuwapelekea mahindi mwezi ule. Kijana bado anatega ndege. Hutega porini, ng'ambo ya reli.

Katika Injili ya Luka Yezu ataja shomoro watano wanaouzwa kwa senti mbili. Katika Injili ya Mateo wawili wanauzwa kwa senti moja. Wanawake wetu wa sokoni wataielewa hesabu hiyo upesi kuliko sisi tuliosoma: kwa senti mbili ungestahili wanne, kwa hiyo wa tano ni matabishi, hana bei kabisa. Naye Bwana asema kwamba hata mmoja kati yao hasahauliwi mbele ya Mungu. Basi kila mmoja wetu ajiulize ni nani katika mtaa wake aliye kama yule wa tano. Akikwisha kumpelekea sehemu yake, makombo ya kinu yakabaki, na ayamwage chini ya mwembe bila hofu ya dhambi.